Sandarusi, Kokoto na Msasa: Habari za Ngozi ya Gari

Gari la mbio hutangaza fahari yake kwa rangi kabla injini yake haijanguruma. Likipita katika Barabara ya Jogoo, upande ule wa Makadara na Shauri Moyo, watoto hugeuza shingo, na watu wazima hujifanya hawakuliona. Lakini, msomaji, rangi ile haikupakwa kwa ajili ya macho yetu tu. Chini yake mna bati jembamba la chuma, na chuma kina adui wawili wasiochoka, nao ni maji na hewa. Wakikutana juu ya chuma kilicho uchi huzaa kutu, na kutu ikishaanza hutambaa chini ya rangi iliyo nzima kama mchwa watambaavyo chini ya mkeka. Kwa hiyo rangi ni ngozi ya gari. Mchubuko uliofanywa na kokoto ni jeraha, na mkwaruzo wa ufunguo ni mlango ulioachwa wazi usiku.

Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko udhanivyo. Gari litokapo kiwandani siku hizi, matabaka yake yote ya rangi ukiyajumlisha hayazidi sana sehemu ya kumi ya milimita moja. Tabaka la juu kabisa, lile lisilo na rangi ambalo ndilo libebalo mng'aro, ni jembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Tajiri hulipa mamilioni ya shilingi kwa gari, kisha hulinda kwa wasiwasi kitu ambacho hata rula yako ya darasani haiwezi kukipima.

Nataka tuzifuate habari za ngozi hiyo tangu ilipochimbwa katika mchanga wa pwani yetu hata ilipofika katika karakana za Eastlands. Njiani nitakuomba utazame jambo moja, yaani mikono iliyoulinda mng'aro ule ilikuwa ya nani, na ilipata nini.

Usistaajabu nikianzia pwani. Magari ya kwanza yalitengenezwa na mafundi wale wale waliokuwa wakitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, nayo yalipakwa kwa namna ile ile. Juu ya rangi ilipakwa vanishi, na vanishi bora, iliyo ngumu isiyokwaruzika upesi, ilipikwa kwa sandarusi. Huu ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Utomvu ulidondoka zama za kale, miti yenyewe ikafa ikaoza, nao ukazikwa mchangani hata ukawa mgumu kama kioo, rangi yake kama asali, na pengine mdudu amenaswa ndani yake. Katika karne ya 19 Wazaramo na jirani zao wa Mrima waliichimba kwa mashimo mafupi wakaiuza kwa wafanyabiashara wa pwani, nao wakaivusha Unguja. Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said katika mwaka wa 1833, na sandarusi ilikuwa pamoja na pembe za ndovu katika shehena zilizokwenda bandari ya Salem. Huko kilikuwako kiwanda cha kuiosha na kuichambua kabla ya kuuzwa kwa wapika vanishi.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hiyo katika miaka ya 1850, ameandika kwamba sandarusi mbichi iliyochumwa mtini iliitwa chakazi, na kwamba wafanyabiashara wageni walilivuruga jina hilo hata likawa neno la Kiingereza lenye maana ya punda. Chakazi ilikuwa laini na bei yake ilikuwa ndogo. Iliyotakiwa ni ile ya ardhini, kwa sababu ilikuwa ngumu zaidi. Mpishi wa vanishi aliiyeyusha kwa moto mkali, akaichanganya na mafuta ya mbegu za kitani, akailainisha kwa tapentaini. Fundi akaipaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja likauke, akilisugua kwa unga laini wa mawe kabla ya kupaka lingine. Gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa katika chumba cha rangi. Mwishowe liling'aa kama maji ya kisima, na bwana mmoja wa London au New York akajitazama uso wake ubavuni mwake. Yule aliyeinama shimoni Uzaramo na jembe lake hakuliona gari lile, wala hakuambiwa sandarusi yake imekwenda kufanya nini. Hiyo ni mikono ya kwanza katika hadithi yetu.

Viwanda vikubwa havikuweza kungoja wiki. Kampuni ya Ford ilipaka magari yake ya Model T rangi nyeusi peke yake tangu mwaka wa 1914 hata 1925. Wakati huo huo, mnamo miaka ya 1923 na 1924, kampuni za DuPont na General Motors zilileta rangi mpya iliyoitwa Duco. Asili yake ni pamba iliyotiwa asidi, na ndugu yake wa karibu ni baruti iliyotumika katika mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikauka kwa saa chache. Tena haikuhitaji brashi, maana ilinyunyizwa kwa hewa yenye nguvu. Chombo cha kunyunyizia nacho kina kisa cha kuchekesha kidogo, kwa kuwa kilitokana na kifaa cha daktari mmoja wa Marekani, Allen DeVilbiss, aliyekibuni ili kupulizia dawa katika koo za wagonjwa. Mwanawe Thomas alikigeuza kikawa cha kupulizia rangi. Kilichoanza kama faraja ya makoo kilikuja baadaye kuyaletea makoo na mapafu taabu kubwa, na tutaifikia habari hiyo.

Rangi ya Duco na dada zake zilikuwa na kasoro moja. Jua liliziparauza upesi, zikapoteza mng'aro na kuwa kama chaki, kwa hiyo zilitaka kusuguliwa na kupakwa nta mara kwa mara. Nta iliyosifiwa kuliko zote ilitoka katika majani ya mti mmoja wa Brazil uitwao carnauba. Hapo ndipo palipozaliwa kazi ambayo mamia ya watu wa Nairobi waliifanya zamani za ukoloni, kazi ya kitambaa, ndoo na nta.

Watu hao walikaa wapi? Kwa sehemu kubwa walikaa mashariki ya mji. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika. Kariokor, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya wapagazi wa Carrier Corps wa Vita Kuu ya Kwanza, ilijengwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920. Shauri Moyo ikafuata katika miaka ya 1930, na Ziwani na Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho na mingineyo. Vyumba vilikuwa vidogo na mabomba ya maji yalikuwa ya shirika. Asubuhi wanaume walivuka reli kwenda Industrial Area, au walipanda kwenda Westlands na Muthaiga, na wengine wao kazi yao ilikuwa kuosha na kung'arisha magari ambayo wao wenyewe hawakuwa na ndoto ya kuyanunua. Gereji nyingi za mji zilikuwa za Wahindi na Wazungu. Mwafrika aliingia kama mshika spana na mpiga msasa, akajifunza kwa macho. Nawasihi vijana wasidharau elimu ya namna hiyo, kwa kuwa karibu ufundi wote wa rangi ulioko Eastlands leo ulianza hivyo.

Katika mwaka wa 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa, na wapenda magari wa Nairobi wakaanzisha mashindano ya kumwadhimisha yaliyoitwa Coronation Safari. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sehemu yake kubwa ilikuwa udongo, mchanga na changarawe. Magari yalikuwa yale yale yauzwayo madukani, na hapo mwanzo yaligawanywa kwa bei zake.

Weka tarehe hiyo kando ya tarehe nyingine. Mwaka wa 1953 Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari. Mtu wa Kaloleni au Bahati hakuweza kutembea usiku apendavyo, na pasi yake ilitazamwa njiani. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako uliopewa jina la Operation Anvil, askari na polisi wapatao 25,000 wakauzingira mji, na maelfu ya wakazi wa mitaa ya mashariki wakapakiwa katika malori kupelekwa vizuizini. Basi katika mji mmoja, kwa muda wa miezi michache, wengine walisafiri maelfu ya maili kwa kujifurahisha, na wengine hawakuruhusiwa kuvuka barabara. Vitabu vya mashindano aghalabu husimulia habari za kwanza, na vitabu vya siasa habari za pili. Mwanafunzi wa historia yampasa avifungue vyote viwili juu ya meza moja.

Turudi kwenye rangi. Safari ilikuwa mtihani wa ngozi ya gari ambao kiwanda chochote cha Ulaya kisingeweza kuubuni. Gari lililotangulia lilirusha kokoto nyuma, na gari lililofuata lilizikimbilia kwa kasi yake lenyewe, hata jiwe dogo likapiga boneti kwa nguvu ya nyundo. Matope ya Pasaka, maana kwa miaka mingi mashindano yalifanywa majira ya Pasaka na mvua za masika, yalijipachika chini ya madigadi na kukaa humo yakinyonya unyevu. Katika mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Katika mwaka wa 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yalikuwa 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff katika Peugeot 404.

Kwa hiyo madereva na mafundi walijifunza kulinda. Walifunga wavu wa waya mbele ya taa. Walining'iniza vipande vya mpira nyuma ya magurudumu ili mawe yasipige ubavu wa gari lao wenyewe. Walipaka lami chini ya madigadi, kwa sababu lami ni laini na jiwe hulibonyeza bila kulivunja, hali rangi ngumu hupasuka na kubanduka. Angalia hekima iliyomo hapo. Ugumu si kinga ya kila kitu. Dhidi ya mkwaruzo wa kitambaa chenye vumbi rangi ngumu hushinda, lakini dhidi ya kokoto irukayo kitu kinachonepa ndicho kidumucho. Hata ile karatasi ya plastiki isiyoonekana ambayo wenye magari ya mbio huibandika leo juu ya boneti zao inafuata kanuni hiyo hiyo. Jiwe likiipiga hunepa, kisha hurudi. Plastiki ya jinsi hiyo ilitumika kwanza kulinda mapanga ya helikopta za Marekani yasiliwe na mchanga katika vita vya Vietnam.

Kinga nyingine haikuuzwa dukani, nayo ilikuwa umbali. Dereva aliyemfuata mwenzake karibu mno alikula vumbi lake na mawe yake, na aliyekaa nyuma aliokoa kioo na rangi. Ukija kupata gari lako, na ukajikuta nyuma ya lori la kokoto litokalo machimboni, kumbuka jambo hilo kabla hujamlaumu fundi wa rangi.

Mshindi wa mwaka wa 1965 alikuwa Joginder Singh, Mkenya wa jamii ya Wasikh, ambaye kabla ya kuwa dereva mashuhuri alikuwa fundi wa magari. Aliendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, pamoja na nduguye Jaswant. Wakenya walimwita Simba wa Kenya, naye akashinda tena katika mwaka wa 1974 na wa 1976. Ushindi wake wa kwanza ulivunja dhana moja bila hotuba, kwa kuwa gari kuukuu lililotunzwa na mkono wa fundi liliyapita mapya yaliyoletwa na viwanda. Halafu yakaja magari ya mbio hasa. Datsun 240Z ya Edgar Herrmann ilishinda katika mwaka wa 1971, na ya Shekhar Mehta katika mwaka wa 1973. Ile ya mwaka wa 1971 ilikuwa nyekundu na boneti yake nyeusi isiyong'aa, ili jua la Afrika lisirudi machoni mwa dereva. Kwa hiyo si kila rangi njema ni ing'aayo. Nao Porsche, waliokuwa wakitumbukiza bodi za 911 katika zinki tangu katikati ya miaka ya 1970 ili kutu isipate pa kuanzia, walikuja katika mwaka wa 1978 na magari yaliyoinuliwa juu kama ndege mwenye miguu mirefu. Vic Preston Mdogo alikuwa wa pili, Björn Waldegård wa nne, na Safari haikuwapa ushindi. Zinki iliizuia kutu, lakini haikuyazuia mawe ya Kenya.

Sasa twende Eastlands baada ya uhuru. Waafrika walianza kumiliki magari, na kuanzia miaka ya 1970 mitaa kama Buruburu ilijengwa kwa watu wenye mishahara ambao waliweza kununua nyumba na pengine gari. Magari yakizidi, michubuko nayo huzidi. Wale waliokuwa wapiga msasa katika gereji za wengine waliondoka mmoja mmoja wakafungua kazi zao wenyewe chini ya mti, kando ya mto au nyuma ya soko. Hawakuwa na paa, ndipo wakaitwa jua kali. Shirika la Kazi la Kimataifa liliandika habari za wafanyakazi wa namna hiyo katika taarifa yake juu ya Kenya ya mwaka wa 1972. Mwanachuoni Kenneth King naye aliwachunguza mafundi wa Nairobi, akatoa kitabu juu ya fundi Mwafrika katika mwaka wa 1977. Katika mwaka wa 1985 Rais Moi alikwenda Kamukunji akawaona wakifanya kazi juani, akaagiza wajengewe vibanda. Vibanda vilijengwa, lakini wengi wako juani hata leo.

Jua lile lile ndilo adui wa rangi. Miale yake isiyoonekana huvunja viungo vya rangi kidogo kidogo, kwanza paa, kisha boneti, na ndiyo sababu gari jekundu lililokaa nje kwa miaka mingi hugeuka kuwa la waridi. Vumbi nalo ni adui wa fundi anayepaka nje. Ukienda Kariobangi, katika zile karakana zilizo karibu na barabara, utawaona mafundi wakimwaga maji chini kabla ya kunyunyiza, na wakipenda kunyunyiza asubuhi upepo haujaamka. Kazi ya kuponya jeraha moja la kokoto si ndogo. Fundi huosha mahali pale kwa sabuni, kisha hufuta kwa thina ili pasibaki nta wala mafuta. Husugua kutu kwa msasa hata aone chuma cheupe, maana akiacha chembe moja ya kutu itafufuka chini ya rangi mpya. Hupaka rangi ya kwanza, ile ya kushikamana na chuma. Ikikauka huisugua kwa msasa laini uliolowekwa maji. Ndipo hutia rangi yenyewe, tabaka jembamba, hungoja, hutia lingine. Kuifananisha na ile ya zamani ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa ile ya zamani imekwisha kuliwa na jua. Gari la miaka 7 lililotoka Japani, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza lililotumika lenye umri uliozidi miaka 8, haliwi tena na rangi iliyoandikwa katika karatasi za kiwanda chake. Fundi mzuri huchanganya kwa jicho. Nimewaona wasiojua kusoma sawasawa wakitia tone moja la bluu katika kopo la fedha, wakitikisa kichwa, wakitia nusu tone.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Mikwaruzo mingi midogo, ile ionekanayo kama utando wa buibui jua likipiga, haikufanywa na adui, ilifanywa na kitambaa. Vumbi la Nairobi lina chembe ngumu za mchanga, na mtu akilipangusa likiwa kavu amelipiga gari lake msasa. Amwage maji kwanza, aanze paani ashuke chini, na atumie ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta pamoja na uchafu. Kinyesi cha ndege kisingoje Jumamosi, kwa kuwa kina asidi, na aegeshaye gari chini ya ile migunga iliyo karibu na Uwanja wa Nyayo, ambako makorongo wakubwa wenye upara wamejenga viota vyao, amejitakia mwenyewe. Wala asisugue kwa dawa ya kung'arisha kila mwezi akidhani analitunza. Kumbuka unywele wako. Kila msuguo huondoa kidogo cha tabaka lile, na siku moja litakwisha.

Nilisema tutafika kwenye makoo na mapafu. Rangi za siku hizi zilizo ngumu kuliko zote huja katika makopo mawili, moja la rangi na moja la kigumushi, na mafundi huziita 2K. Vikichanganywa hushikana viwe kitu kimoja kisichokwaruzika upesi, na hilo ndilo wenye magari ya mbio walitakalo. Lakini kigumushi kina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ikinyunyizwa huwa ukungu, na mtu akiuvuta ukungu huo mara nyingi mwili wake waweza kuikataa kemikali hiyo milele, hata harufu ndogo baadaye ikamletea pumu ya kumkaba. Katika nchi za viwanda wapaka rangi wa magari wamehesabiwa kwa muda mrefu miongoni mwa watu wapatao sana pumu ya kazini. Kule hunyunyiza ndani ya chumba chenye feni za kuvuta hewa, wakivaa barakoa iliyounganishwa na mpira wa hewa safi. Katika karakana nyingi za jua kali kijana hufunga leso puani. Leso huzuia vumbi la msasa kidogo, na ukungu wa kigumushi hauizingatii. Vumbi lenyewe si salama, kwa kuwa rangi nyingi nyekundu na za manjano za zamani zilitiwa risasi, na asuguaye gari kuukuu huirudisha risasi hiyo hewani.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, nayo humpasa mwajiri kumlinda mfanyakazi wake. Walakini kijana wa karakana ya kando ya barabara mara nyingi hana mwajiri wa kushitakiwa. Mwenye gari humwambia bei, wakapatana, akamwachia ufunguo. Katika bei hiyo mna rangi, thina, msasa na jasho, na barakoa haimo. Mimi naona kwamba hapa mwenye gari hana udhuru. Mtu awezaye kununua plastiki ya kulinda boneti isichubuke aweza kununua barakoa ya kulinda mapafu ya mtu aliyeipaka boneti hiyo, na hiyo ya pili ni rahisi zaidi.

Tusisahau kwamba rangi huweza kufutwa kwa amri pia. Matatu za Eastlands, hasa zile za namba 58 ziendazo Buruburu, zilijulikana katika miaka ya 1990 kwa picha na maandishi yaliyowapatia wachoraji wengi chakula. Kisha zikaja kanuni zilizotangazwa katika mwaka wa 2003 na waziri John Michuki, zikaanza kutumika Februari 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro ikapigwa marufuku. Kanuni hizo zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, navyo viliokoa watu, sibishi. Lakini mchoraji aliamka asubuhi moja akaambiwa kazi yake ni kosa, na baadhi yao walilipwa kunyunyiza rangi juu ya picha walizozichora wenyewe. Katika mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu michoro irudi. Ikiwa utaona matatu kuukuu imegongwa na rangi yake imebanduka, inama utazame ukingo wa jeraha. Utaona tabaka la juu la picha mpya, chini yake nyeupe na manjano ya 2004, na pengine, chini kabisa, bluu au zambarau ya picha ambayo hakuna aliyeipiga picha. Wachimbuaji wa mambo ya kale husoma ardhi kwa namna hiyo hiyo.

Safari nayo ilitolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka wa 2002, ikarudi katika mwaka wa 2021, na mbio zake nyingi hufanywa karibu na Naivasha katika vumbi laini kama unga. Magari yake yamevikwa karatasi za plastiki zilizochapwa rangi na majina ya wafadhili. Karatasi ikichanika hubanduliwa, ikabandikwa nyingine kabla ya kesho yake asubuhi, na chuma kilicho chini hakijui kwamba lolote limetukia. Kariobangi mambo hayaendi upesi hivyo. Ubavu wa Subaru moja umekwisha kusuguliwa na kupakwa tabaka la pili, mlango umezibwa kwa magazeti, na fundi amekaa juu ya debe akingoja likauke, akilitazama jua na kuusikiliza upepo wa alasiri, kwa sababu ukivuma kabla ya tabaka la tatu itambidi auchukue msasa aanze tena.